Muziki kwenye boti ya zamani: anza na umeme

Ndugu, nimekuelewa: boti yako ya kuvuta watu wanaoteleza juu ya maji ni ya zamani, redio imekufa, na unataka spika nne, amplifaya na subwufa vya kushinda mngurumo wa injini. Usinunue spika kwanza.

Mimi nilinunua. Siku ya kwanza tulizima injini katikati ya ziwa tukasikiliza muziki, na ilipofika saa ya kurudi, betri ikawa haina nguvu ya kuiwasha. Tulivutwa kwa kamba kama ng'ombe! Kwa hiyo weka betri ya pili ya muziki tu, ya aina inayovumilia kutumika hadi chini, na swichi ya kuitenga na ile ya injini. Pima pia alteneta kama inamudu kuchaji zote mbili.

Nyaya ziwe za shaba iliyopakwa bati. Shaba tupu huota kutu ya kijani kwa unyevu. Fyuzi kuu ikae karibu kabisa na betri, ndani ya sentimita 18 hivi. Spika ziwe za majini, zinazostahimili jua na maji. Amplifaya ifunge juu, pakavu, penye hewa.

Lakini kama injini ni ya petroli na iko ndani ya boti, usifunge kwenye chumba cha injini kifaa cha umeme kisichotengenezwa kuzuia cheche zisiwashe mvuke wa petroli. Ukinusa petroli, au ukikuta nyaya za zamani zimeungua, acha na mwite fundi umeme wa boti.