Carmenère: Zabibu Iliyobeba Jina la Mwenzake

Maswali ya safari hii ni ya mvinyo mwekundu wa Chile, uitwao Carmenère.

Hilo jina kwenye chupa ni la kampuni?

Hapana, ni la zabibu yenyewe. Limetokana na neno la Kifaransa "carmin", yaani wekundu uliokolea. Majani ya mzabibu huu hugeuka mekundu kabla ya kupukutika.

Kwa hiyo asili yake ni Ufaransa?

Ndiyo, kwao ni Bordeaux, eneo la mvinyo kusini-magharibi mwa Ufaransa. Katikati ya karne ya 19 wenye mashamba wa Chile waliagiza vipando kutoka huko, na Carmenère ikaja imechanganyika na Merlot, zabibu nyingine nyekundu ya huko huko, bila mtu kujua. Haukupita muda mrefu, mdudu filoksera kutoka Amerika Kaskazini akaingia Ufaransa, akaishambulia mizizi mpaka mizabibu ikafa. Mashamba yalipopandwa upya, Carmenère iliachwa. Inachelewa kuiva, na baridi ya mvua ikiikuta na maua, hayashiki matunda. Chile, yenye milima ya Andes upande mmoja, bahari upande wa pili na jangwa la Atacama kaskazini, ilisalimika. Mizabibu mingi ya huko bado imesimama juu ya mizizi yake yenyewe, bila kuunganishwa kwenye mizizi ya aina nyingine.

Sasa ilitambulikaje?

Kwa zaidi ya miaka 100 Wachile waliilima wakiiita Merlot. Tarehe 24 Novemba 1994, Jean-Michel Boursiquot, mtaalamu wa Kifaransa wa kutambua mizabibu, alikuwa akikagua shamba la Viña Carmen katika bonde la Maipo. Akasimama mbele ya mizabibu iliyoitwa Merlot, akasema hii siyo. Hii ni Carmenère. Ukigeuza jani changa la Carmenère utaona wekundu kwa chini, la Merlot ni jeupe. Jani tu! Serikali ya Chile iliitambua rasmi mwaka 1998.

Chupa niliyonunua ilinuka pilipili hoho. Imeharibika?

Haijaharibika, ndugu yangu. Harufu ile ya hoho iliyokatwa sasa hivi imo kwenye zabibu yenyewe, nayo hupungua kadiri zabibu inavyoiva. Carmenère huhitaji wiki mbili au tatu zaidi ya Merlot. Miaka yote ile zilivunwa pamoja, hii ikiwa bado mbichi, halafu ikalaumiwa kwa ubichi! Huwa naumia nikisikia watu wakiiita mvinyo wa hovyo. Iliyosubiriwa vizuri, kama za Peumo au Colchagua huko Chile, hukupa matunda meusi, kakao na pilipili manga kwa mbali, na ukakasi wake ni laini, haukaushi ulimi.

Ina tofauti gani na Malbec?

Malbec ni zabibu nyekundu ya jirani, Argentina, hasa mkoa wa Mendoza. Nayo ilitoka Ufaransa. Michel Pouget, mtaalamu wa kilimo wa Kifaransa, aliipeleka Argentina mwaka 1853. Ina ladha ya matunda zaidi, na ile harufu ya hoho huikuti.

Niinywe na chakula gani?

Nyama choma, tena mbavu za mbuzi zilizoungua kidogo pembeni, na hoho zilizobabuliwa motoni. Moshi na hoho huipokea ile harufu yake ya kijani. Kwenye joto letu, iweke kwenye friji dakika 20 kabla ya kufungua.