Nilivyoitafuta hukumu yangu ya talaka miaka 12 baadaye

Juzi usiku dada mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, aliniandikia. Baba yake amefariki, na kwenye kikao cha mirathi ametokea mama wa kwanza anasema hajawahi kuachwa. Wazee wa ukoo wanasema waliachana mahakamani, tena zamani, ila karatasi hakuna aliyeiona. "Dada, nasikia wewe yako uliipata. Nianzie wapi?"

Nilitaka kumjibu kwa kifupi nilale. Nikajikuta naandika mpaka simu inazima chaji. Nikaona bora niyaweke hapa, maana humu najua tumejaa watu wa kutafuta maisha, na siku ukianza kushika mali ndipo utakapoulizwa hiyo karatasi. Ukiwa huna kitu hakuna anayekuuliza.

Kwa mgeni wa hapa: mimi nauza dagaa. Nilianza na ndoo mbili pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, nanunua kwa mkopo wa maneno. Leo napakia magunia ya Kahama na Dodoma. Mwaka huu nikasema inatosha kukodi gari za watu, nataka kirikuu yangu, kale kagari kadogo ka mizigo. Nyumba ninayo, Kiseke, hati ina jina langu na kila tofali nalikumbuka bei yake. Nikavaa vizuri nikaenda benki.

Kijana wa mikopo akafungua kompyuta, akasema, "Mama, hapa inaonyesha umeolewa. Tutahitaji ridhaa ya mwenza wako." Akaunti ile niliifungua 2011, nikiwa bado mke wa mtu. Nikamwambia tuliachana 2013. Akajibu kwa upole kabisa, "Sawa mama, basi tuletee hukumu."

Hakukosea. Sheria ya Ardhi haitaki nyumba ya ndoa iwekwe rehani bila ridhaa ya mwenza, na benki inaogopa mume wa kutokea siku ya mnada. Ila siku hiyo sikuwa na moyo wa kuelewa sheria. Nilitoka pale najiona kama nimerudishwa ndoani kwa nguvu. Kanisani waliniambia ndoa haivunjwi na karatasi. Benki nao wananiambia haivunjiki bila karatasi.

Sasa niseme ukweli ambao hata dada yangu wa damu hakuujua. Karatasi sikuwa nayo kwa sababu sikuifuata. Siku ya hukumu, katika mahakama moja ya mwanzo ng'ambo ya Busisi, hakimu alisoma mpaka pale anaposema ndoa imevunjika kiasi cha kutoweza kurekebishika. Nikainuka, nikatoka nje, nikakaa chini ya mwembe. Mgawanyo wa mali sikuusikia. Karani akanifuata na kitabu nisaini, nikasaini bila kusoma. Akaniambia nirudi baada ya wiki mbili kuchukua nakala. Nikapanda kivuko, nikalitazama ziwa, nikaapa sitavuka tena upande ule.

Na sikuvuka. Miaka 12.

Kabla sijaenda popote, njia za mkato zilinifuata zenyewe. Mtu mmoja wa steshenari aliniambia kwa elfu kadhaa nitaapa kiapo kwamba sijawahi kuolewa. Nina watoto watatu wenye jina la baba yao! Kiapo cha uongo ni kosa la jinai, na benki ikigundua, mkopo nao unakuwa kesi. Mpwa wangu, anayesoma chuo, akasema kila kitu kiko mtandaoni, akafungua TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama za Tanzania. Ni kweli pale zipo hukumu nyingi na ni bure kusoma, lakini nyingi ni za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Ya kwangu ya mahakama ya mwanzo ya 2013 ingetoka wapi? Tulisoma ugomvi wa watu mpaka chai ikapoa.

Basi nikavuka. Safari hii kwa daraja, maana lilishafunguliwa Juni 2025, kilomita tatu za lami juu ya maji. Niliapa kuhusu kivuko, daraja sikulitaja, kwa hiyo hesabu yangu na Mungu iko sawa.

Swali la kwanza la karani: "Namba ya shauri, mama?"

Nikampa majina. Nikampa mwaka. Nikaanza kumpa na historia, akanikatiza kwa adabu. Akaleta rejista, daftari kubwa la jalada gumu, akanionyesha mistari ilivyopangwa: namba, tarehe, wahusika, aina ya shauri. Namba ndiyo inayotangulia. Majina yapo, lakini yanasomwa mstari kwa mstari, na mimi sikukumbuka hata mwezi shauri lilipofunguliwa. Nilikumbuka kwamba ilikuwa mvua. Tukapekua saa nzima. Kurasa kadhaa zilikuwa zimelowa maji wakati fulani na kugandana, wino umekimbia. Nikarudi Mwanza mikono mitupu.

Nyumbani nikapindua kila kitu. Nilichokitafuta kilikuwa kwenye bahasha ya kadi za kliniki za mtoto wangu wa mwisho: samansi, yaani wito wa mahakama, niliyopewa mwanzo wa kesi, imekunjwa mara nne, na juu kulia imeandikwa Shauri la Ndoa, namba, mwaka. Karatasi niliyokuwa nimeisahau kabisa ndiyo iliyonikomboa.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni namba. Huna namba? Tafuta samansi. Huna samansi? Tafuta stakabadhi ya malipo ya kufungulia shauri. Huna hiyo? Nenda baraza la usuluhishi mlikopita, kwa sababu tangu Sheria ya Ndoa ya 1971 shauri la talaka kwa kawaida halipokelewi mahakamani kabla baraza halijajaribu kuwapatanisha likashindwa. Baraza hutoa Fomu Namba 3, na tarehe ya fomu hiyo inakuambia uanze kupekua rejista kuanzia mwezi gani. Yote hayo ni kutafuta namba. Namba, jamani.

Safari ya pili nilifika na namba, tukaupata mstari ndani ya dakika tano. Pembeni kuna maandishi ya kalamu nyekundu: rufaa, faili limepelekwa wilayani.

Rufaa gani? Nani alikata rufaa?

Karani akanitazama, akaelewa, akanivutia kiti. Mzazi mwenzangu alikata rufaa mwaka uleule, na mimi sikuwahi kuletewa wito. Rufaa ikikatwa, faili la mahakama ya mwanzo huitwa juu ili lisomwe, na la kwangu lilipopanda halikushuka tena. Ningeweza kukaa pale mwaka mzima nikipekua makabati yasiyo na kitu. Kwa hiyo muulize karani mapema kama shauri lilikwenda mbele, usione aibu.

Wilayani niliandika barua kwa Hakimu Mkazi Mfawidhi, yaani mkuu wa mahakama ile: kichwa ombi la kupatiwa nakala ya hukumu, chini namba ya shauri, majina ya pande zote mbili, mwaka, sababu ya kuomba, namba yangu ya simu. Nikaambatisha kivuli cha kitambulisho cha NIDA na cha ile samansi. Nikagonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, hilo usilisahau. Ukiambiwa kuna malipo, omba namba ya malipo ya serikali ulipie kwa simu, pesa ya mkononi kaa nayo. Zikapita wiki za "piga kesho", sitawachosha nazo.

Siku ya siku, mzee mmoja wa masijala akaja na mafaili mawili yamefungwa kamba moja, langu na la rufaa. "Shikamoo baba," nikasema, sauti haitoki. Akaniachia nisome palepale mezani.

Nikaanza na la rufaa. Sababu ya kwanza: mrufaniwa, yaani mimi, hakuchangia chochote katika mali zaidi ya kupika na kulea watoto. Imepigwa chapa, imesainiwa. Mimi niliyekuwa naamka saa tisa usiku kuanika dagaa wa mtumbwi wake! Rufaa ilifutwa kwa sababu mwenyewe hakutokea hata siku moja. Hakuwa hata na nguvu ya kusimama na maneno yake.

Kisha nikasoma hukumu, ile niliyoikimbia. Ukurasa wa nne hakimu ameitaja kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ya Mahakama ya Rufani, 1983, iliyosema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali. Halafu akaandika kuhusu dagaa wangu. Kwa jina langu. Kumbe mtu alinisikiliza, na mimi nilikuwa nje chini ya mwembe nikiamini nimeshindwa. Kumbe alinipa na sehemu ya thamani ya ule mtumbwi, ambayo sikuwahi kuidai kwa sababu sikujua.

Dada zangu, na kaka zangu pia, siku ya hukumu usitoke. Kaa, lia ukiwa umekaa, sikiliza mpaka mwisho, na wakikuambia rudi kuchukua nakala, rudi. Machungu hayakulipii mkopo. Tunajua kutunza gauni la harusi kwenye sanduku miaka 20, karatasi ya talaka tunaiona uchafu. Ichukue, toa vivuli, kimoja akae nacho mtu unayemwamini. Na usiishie mahakamani: talaka husajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, na wilayani ofisi zao utazikuta kwa Mkuu wa Wilaya. Waislamu wenzetu, wengi mna ile karatasi ya talaka aliyoiandika mume au sheikh mkaona yamekwisha. Mbele ya benki na msajili wa ndoa wanaangalia amri ya mahakama.

Dada wa Igoma, kwako ni hivi. Anza na kupata barua ya usimamizi wa mirathi, maana mahakama itakuuliza wewe ni nani katika shauri la marehemu. Nenda na cheti cha kifo. Waulize wazee mama huyo na baba yako walikuwa wanaishi kata gani walipoachana, kwa sababu mahakama ya kuanzia ni ya huko, hapo Igoma mlipo sasa pengine hapahusiki. Waulize pia nani alitoa ushahidi. Shahidi hukumbuka msimu hata akisahau mwaka. Na yule mama wa kwanza mwongeleshe vizuri. Inawezekana na yeye alitoka nje kabla hawajamaliza kusoma.

Mimi mkopo bado haujatoka. Benki wameipokea hukumu, sasa wanataka barua ya mwenyekiti wa mtaa. Jana nimeipata, ina muhuri na kila kitu, wabeja, yaani asante, mwenyekiti. Nimefika nyumbani ndiyo naona ameniandika kwa jina la yule mume. Kesho asubuhi narudi kwake.