Piga hesabu kabla ya kulaumu skrini

Ukianza kazi ya kufunga kompyuta au kusanifu matangazo utakutana na maneno mengi kwenye boksi la skrini: FHD, 4K, 144 Hz, biti 8, HDMI, PPI. Kuyakariri hakutakufikisha mbali. Mengi yao ni namba za kuzidisha na kugawanya, na ukijua kila namba inaingia wapi, unaweza kulitambua tatizo kabla hujashika bisibisi.

Rezolusheni ni idadi ya pikseli (vidoti vidogo vinavyounda picha), upana mara urefu. 1920 × 1080 (FHD) ni pikseli 2,073,600. 3840 × 2160, yaani 4K ya madukani, ni 8,294,400. Hiyo ni mara nne, si mara mbili kama wengi wanavyodhani, na kadi ya grafiki inalazimika kuzichora zote. Ndiyo maana gemu iliyokuwa ikienda vizuri inaanza kukwama siku mteja anapoleta skrini ya 4K, ingawa kompyuta ni ileile.

Rezolusheni peke yake haisemi kama herufi zitakuwa kali. Hapo unahitaji PPI, yaani pikseli kwa kila inchi. Zidisha upana kwa wenyewe, urefu kwa wenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawanya kwa inchi za mshazari. Kwa 1920 × 1080 kipeuo ni takriban 2203. Kwenye laptopu ya inchi 15.6 unapata 141, kwenye skrini ya inchi 24 unapata 92, na kwenye inchi 27 unabaki na 82 tu. Kwa mtu anayeandika au kusoma kutwa nzima, 82 ni kidogo mno: kingo za herufi huonekana kama ngazi. Kama anataka inchi 27, mshauri achukue 2560 × 1440, ambayo inatoa takriban 109.

Pikseli za kioo cha LCD hazibadiliki. Ukiiambia skrini ya 1920 × 1080 ionyeshe 1366 × 768, kila pikseli ya picha inatakiwa kukaa kwenye pikseli 1.4 za kioo. Haiwezekani, kwa hiyo rangi za majirani zinachanganywa na maandishi yanapata ukungu. Mteja anayetaka herufi kubwa usimpunguzie rezolusheni. Iache ile iliyoandikwa kuwa inapendekezwa, kisha ongeza ukubwa wa maandishi hadi 125% au 150% kwenye mipangilio ya onyesho.

Hz ni mara ambazo skrini inabadilisha picha kwa sekunde: 60 Hz ni kila milisekunde 16.7, na 144 Hz ni kila 6.9. Fremu kwa sekunde ni kitu kingine: hizo ni picha ambazo kadi imemaliza kuchora. Zisipokwenda sambamba, kioo huonyesha nusu ya picha moja na nusu ya inayofuata, na unaona mkato wa mlalo katikati. V-Sync, mpangilio wa kuoanisha kadi na skrini, huondoa mkato kwa kuisubirisha kadi, lakini kipanya kinachelewa kidogo kuitikia. Ukifunga skrini ya 144 Hz, ingia kwenye mipangilio ya juu ya onyesho uhakikishe imewekwa 144. Mara nyingi mfumo huiacha kwenye 60.

Sasa waya, ambako wageni wengi hupotea. Biti 8 kwa nyekundu, 8 kwa kijani na 8 kwa bluu ni biti 24 kwa pikseli, zinazotosha rangi 16,777,216. Zidisha pikseli za 4K kwa 60 Hz kwa biti 24: gigabiti 11.9 kwa sekunde. Ongeza nafasi tupu zinazosafiri kati ya mstari na mstari, fremu na fremu, inakuwa 14.26. HDMI ni njia ya waya inayobeba picha, na toleo lake la 1.4 lina gigabiti 10.2 kwa sekunde; sehemu moja ya tano inaliwa na usimbaji (namna data inavyofungashwa kwa safari), hivyo zinabaki 8.16. Picha haipiti. Kompyuta inashuka hadi 30 Hz, na kipanya kinaonekana kinaburuzwa. HDMI 2.0 ina 18, zikabaki 14.4. Inatosha, lakini kwa kubana. Ukidai biti 10 kwa kila rangi, mfumo utapunguza taarifa za rangi kwenda 4:2:2 au 4:2:0, ambako pikseli jirani hugawana taarifa ya rangi. Filamu haitaonyesha tofauti, ila herufi ndogo nyekundu juu ya bluu zitatapakaa.

Tundu la kadi, waya na tundu la skrini: mwenye uwezo mdogo ndiye anayeamua. Badilisha kimoja kimoja, ukianza na waya kwa kuwa ndio rahisi. Vidoti vinavyometameta au kioo kinachozima na kuwaka ni dalili za waya dhaifu au mrefu kupita kiasi. Ukungu si dalili yake, kwa sababu HDMI ni dijitali. Kivuli pembeni ya herufi kwenye projekta ni cha VGA, mfumo wa analogi wa mwaka 1987, waya unapokuwa mrefu.

Nyeusi ikionekana kijivu kwenye televisheni, kompyuta inatuma ngazi za mwanga za 16 hadi 235 huku televisheni ikisubiri 0 hadi 255. Ikiwa ni kinyume chake, sehemu za giza zinamezwa zote. Weka pande zote mbili sawa.

Kwa wanaochapisha: A4 kwa 300 DPI (vidoti kwa kila inchi ya karatasi) inahitaji pikseli 2480 × 3508. Picha ya 1080 × 1080 kwa 300 inatoa sentimita 9.1 tu. Kuandika DPI 300 kwenye faili mahali palipokuwa 72 hakuongezi hata pikseli moja, kwa hiyo mwombe mteja faili la awali kabla hujaanza kupanga ukurasa.