Kuswali kwa kukaa wakati unasubiri upasuaji

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Nina ugonjwa wa valvu ya moyo na nasubiri upasuaji. Nikiswali Adhuhuri kwa kusimama, pumzi hunikata rakaa ya pili, kisha hulala hoi mpaka Alasiri. Nimeambiwa anayeswali kwa kukaa hupata nusu ya thawabu. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam dada yangu, Mwenyezi Mungu akupe shifaa ya haraka.

Hadithi ya nusu ya thawabu ni sahihi, lakini si yako. Wanazuoni wameifahamu kuwa ni ya sala za sunna kwa mtu anayeweza kusimama akaamua kukaa. Aliyeipokea, Imran bin Husayn, alikuwa na bawasiri, na ndiye aliyeambiwa na Mtume (s.a.w.): "Swali kwa kusimama, usipoweza, kwa kukaa, usipoweza, kwa ubavu." Na katika Bukhari imo kwamba mja akiugua huandikiwa mfano wa aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima. Kwa hiyo thawabu zako ni kamili, usimruhusu mtu akutie huzuni kwa hilo.

Udhuru hupimwa nguzo kwa nguzo. Kama unaweza kusimama kwa takbira na Fatiha ya rakaa ya kwanza, simama, na pumzi ikianza kubana kaa hapo hapo ukiendelea kusoma. Wengi kinachowamaliza ni kuinuka kutoka kwenye sijda. Kama ndivyo ulivyo, simama rakaa ya kwanza tu, zilizobaki uzimalize umekaa. Sijda ukiiweza, weka paji la uso chini. Kama kuinama kunakukata pumzi, ashiria: rukuu inama kidogo, sijda zaidi ya hapo. Usiinue mto kuugusisha na paji la uso. Mtume alilikataza hilo.

Udhu nao hula nguvu. Tawadha umekaa, osha kila kiungo mara moja, maana mara tatu ni sunna, na mtu akikumiminia maji hakuna ubaya. Ukivaa khofu (soksi za ngozi) ukiwa na udhu kamili, utapaka maji juu yake mchana na usiku mmoja bila kuivua wala kuosha miguu. Tayamamu (kujitwaharisha kwa udongo badala ya maji) si ya uchovu mdogo. Ni pale maji yanapokudhuru au huwezi kuyafikia wala huna wa kukusaidia.

Kuhusu kuchanganya sala, yaani kuziswali mbili katika wakati wa moja, kauli mashuhuri ya Mashafii (wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii) haikubali kwa ugonjwa, ila Imamu Nawawi, mwanazuoni wao mkubwa, aliipa nguvu kauli ya kujuzu, na Mahanbali (wafuasi wa Imamu Ahmad bin Hanbal) wanaruhusu. Anayetaka kutoka kwenye khitilafu aswali Adhuhuri mwisho wa wakati wake na Alasiri mwanzo wa wakati wake, kwa udhu mmoja na kikao kimoja. Lakini angalia: kuchanganya si kupunguza. Mgonjwa aliye mjini kwake huswali rakaa nne kamili, na hapa wengi huteleza.

Ramadhani ikikukuta na daktari akakuzuia kufunga, kula, ulipe siku zako ukipona. Usiharakie kutoa fidia, yaani kulisha maskini badala ya kufunga; hiyo ni ya asiyetarajiwa kupona.

Siku yenyewe, uliza saa ya kuingia chumba cha upasuaji. Ikiwa ni baada ya Adhuhuri kuingia, swali Adhuhuri na Alasiri pamoja kabla ya dawa ya usingizi. Ikiwa ni kabla ya hapo, nuia kuichelewesha Adhuhuri uiswali na Alasiri. Ukizinduka wakati umepita, zilipe kwa mpangilio wake, hata kwa ishara ukiwa kitandani.