Maswali yenu: mbawakawa, ukame na magogo yaliyolala

*Mikaratusi yangu ilistawi miaka sita. Baada ya ukame inakauka kuanzia juu, na chini ya gome kuna njia zilizojaa unga. Mdudu huyu katoka wapi? (Machakos)*

Huenda alikuwepo siku zote, akikosa pa kulelea wanawe. Dalili hizi ni za Phoracantha, mbawakawa mwenye papasi (vipapasio vya kichwani) ndefu aliyeingia Afrika kutoka Australia. Jike hutaga chini ya gome lililobanduka. Mti ukiwa umeshiba maji, buu hukutana na gome lililolowa na wengi hufia hapo hapo. Ukame ukilikausha gome, wanapita. Hula ule utando laini kati ya gome na mbao, na njia zao zikiuzunguka mti wote, mti umekwisha. Bandua gome la mti mmoja uliokufa, utaona mifereji inayopanuka kadiri buu alivyokua. Kata iliyokufa, uitoe shambani, kisha punguza msongamano ili inayobaki isigombee maji. Na nirudie: mkaratusi unaotaka mvua ya Kericho haufai nchi kavu, hata kama miche yake ni rahisi.

*Nipulizie dawa gani? (wasomaji wanne)*

Hakuna. Buu yuko ndani, dawa inabaki nje. Tafadhalini someni majibu yaliyopita.

*Upepo umeniangushia misaipresi. Naweza kuacha magogo hadi bei ipande? (Arusha)*

Usithubutu. Mti ulioanguka leo bado una chakula, ila hauna nguvu ya kujitetea. Januari 2005 dhoruba Gudrun iliangusha takriban mita za ujazo milioni 75 za miti nchini Sweden. Mbawakawa mdogo wa gome, Ips typographus, akazaliana kwenye misprusi (miti ya jamii ya msonobari) iliyolala, kisha akahamia mizima iliyosimama. Kagua na yako iliyosimama: Oemida gahani, mbawakawa mwenyeji wa misitu yetu, huingilia kwenye jeraha, liwe tawi lililovunjika, lililopogolewa ovyo au gome lililochunwa na wanyama.

*Kuna mbawakawa wanaofuata moto?*

Wapo. Melanophila wa Ulaya na Marekani Kaskazini huhisi joto kwa viungo vilivyo ubavuni, na papasi zake hunusa moshi. Hutaga kwenye mti uliotoka kuungua, kabla wapinzani hawajafika.

*Dhoruba imeangusha miti kwenye msitu wa asili wa kijiji. Tuusafishe?*

Iacheni. Sheria ya shamba siyo ya msitu. Mabuu watalila gogo hilo kwa miaka, na vigong'ota watawala mabuu. Anayewahimiza kusafisha, muulizeni mbao zinakwenda wapi.