Maswali ya Wasomaji: Spika za Gari kwa Mfuko Mdogo

Barua tatu kati ya zilizotufikia mwezi huu zinauliza kuhusu spika za gari, na zote zimeandikwa na watu ambao tayari wametumia fedha au wako karibu kuzitumia. Tumezijibu pamoja kwa sababu jibu la moja linasaidia kuielewa nyingine.

Swali: Ndugu Mwandishi, nina Toyota IST ya mwaka 2004 iliyoagizwa kutoka Japani. Spika za mbele zimechoka. Nikiongeza sauti kidogo zinakoroma, na besi haipo kabisa. Nimetenga shilingi 250,000. Fundi ananishauri ninunue spika nne mpya pamoja na sabufa ya chini ya kiti, halafu fedha nyingine nitafute taratibu. Je, nimfuate? – Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

Jibu: Usimfuate kwa sasa. Laki mbili na nusu ikigawanywa kwa spika nne na sabufa, kila kifaa kitapata fungu lisilonunua kitu cha maana, na baada ya miezi michache utarudi kwa fundi yuleyule kuanza upya. Fedha yote ielekeze kwenye milango miwili ya mbele, kwa sababu wewe unayesikiliza kila siku umekaa mbele. Zile za nyuma ziache kama zilivyo, kisha kwenye redio vuta sauti ije mbele zaidi, ili za nyuma zibaki kama kivuli tu kwa ajili ya abiria.

Kabla hujatoa hata senti, hakikisha kwamba mgonjwa ni spika yenyewe. Kava la mlango hutoka kwa kufungua skrubu zilizofichwa kwenye kishikio na kuvuta vibanio vya plastiki vilivyolizunguka. Nunua vibanio vichache vya akiba, kwa kuwa katika gari la umri huo lazima viwili au vitatu vitakatika. Ukishaiona spika, tazama ukingo unaoishika koni, yaani ile sehemu ya mbele inayotikisika. Kama ni wa sponji, katika joto na unyevu wa Dar huoza ukawa unga, na ukiugusa unabaki kidoleni. Kisha weka vidole vinne kuizunguka koni, uibonyeze taratibu na kwa usawa. Ikiingia na kutoka kimya, koili yake, ule waya uliosokotwa nyuma ya koni, bado iko sawa na mkoromo unatoka kwingine, pengine kwenye kava lililolegea au kwenye waya unaogonga bati. Ukisikia mkwaruzo kama wa msasa, hapo kweli spika imekwisha.

Katika kununua, tafuta spika zenye kipenyo cha sentimita 16.5, zile ambazo dukani huitwa za inchi sita na nusu, na uchague aina yenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, katikati ya koni. Zile seti zenye twita ya pembeni na kisanduku cha kugawa sauti ni nzuri, lakini zinadai nafasi, waya na kazi ya ziada ambayo bajeti yako haiibebi. Ukingo wa koni uwe wa mpira badala ya sponji, na koni iwe ya plastiki au ya karatasi iliyotiwa dawa ya kuzuia maji, kwa kuwa ndani ya mlango wa gari maji huingia kila mvua inaponyesha. Ule mpira wa ukingoni mwa kioo cha mlango unaouona kwa nje hauzuii maji yote. Hushuka ndani ya mlango na kutokea kwenye matundu ya chini.

Kwenye boksi, lile tarakimu kubwa la wati lipite bila kulitazama. Sababu utaiona katika jibu la msomaji wa Mombasa. Soma namba mbili ndogo. Ya kwanza ni wati za kudumu, ambazo huandikwa kwa herufi RMS. Ya pili ni wepesi wa spika kuitikia nguvu, unaoandikwa kwa desibeli, na kwa mtu anayetumia redio bila amplifaya hii ndiyo namba yenye thamani kuliko zote. Spika yenye desibeli 92 hutoa sauti ileile ya spika yenye desibeli 89 huku ikitumia nusu ya nguvu, kwa maana kila desibeli 3 ni sawa na kuzidisha wati mara mbili. Redio yako ina nguvu kidogo, hivyo itafutie spika isiyo mvivu. Kariakoo utakutana pia na spika zenye majina makubwa zilizotengenezwa na watu wasiohusika na majina hayo. Zipime mkononi: bandia mara nyingi ni nyepesi, na sumaku yake ni ndogo iliyofunikwa kwa kifuniko kikubwa cha plastiki ili ionekane nene.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo fundi wako hakulitaja. Fanya jaribio hili nyumbani: ishike spika mkononi ikiwa imeunganishwa na redio, upige wimbo wenye besi nzito. Utasikia sauti nyembamba ya bati, kana kwamba spika ni mbovu. Kisha chukua kipande kikubwa cha katoni, kitoboe tundu linalolingana na uso wa spika, uibane hapo. Besi itatokea papo hapo, ingawa hujabadilisha kitu kingine chochote. Spika husukuma hewa mbele na wakati huohuo huivuta nyuma, na hewa ya nyuma ikipata njia ya kuzunguka hukutana na ile ya mbele zikafutana, hasa katika sauti nzito. Katika gari, mlango ndiyo hiyo katoni. Mlango wa gari dogo una bati jembamba lenye matundu makubwa ya mafundi kupitishia mikono, na spika nzuri ikifungwa hapo bila maandalizi itatoa besi ileile uliyoichoka.

Kwa hiyo tenga karibu shilingi 150,000 kwa jozi ya spika na fedha inayobaki itumie kwenye mlango. Spika ya kiwandani mara nyingi huja na fremu yake ya plastiki iliyoumbwa pamoja nayo, hivyo spika mpya itahitaji duara la kuikalia. Seremala yeyote anaweza kulikata kwa plaiwudi ya milimita 18. Asitumie mbao za unga uliogandamizwa, ambazo zikilowa huvimba na kumeguka. Lipake rangi ya mafuta pande zote, pamoja na ndani ya matundu ya skrubu. Kati ya duara na bati weka sponji nyembamba ili hewa isipenye. Bati la nje la mlango, lile linalotazamana na mgongo wa spika, libandike vipande vya shiti ya mpira mzito yenye karatasi ya alumini juu, ukiisha kulisafisha kwa spiriti. Si lazima kulifunika lote, theluthi moja tu katikati inatosha kulinyamazisha. Epuka shiti za lami za kuezekea paa, hata ukiambiwa ni kitu kilekile. Gari likikaa juani lami hulainika, hutiririka na kunuka. Ile nailoni iliyobandikwa nyuma ya kava usiitupe, kwa sababu ndiyo inayozuia maji yasiingie ndani ya gari, na yale matundu ya chini ya mlango yasizibwe.

Kosa moja nililifanya mwenyewe, nalitaja ili usilirudie. Nilipima upana wa tundu, nikasahau kina. Nilifunga spika, kava likarudi vizuri, muziki ukapiga, nikafurahi. Nilipofika kwenye geti na kuteremsha kioo nimsalimie mlinzi, kioo kikagonga sumaku na kukwama nusu ya safari yake. Pima kina kioo kikiwa kimeshuka mpaka mwisho, ukiweka rula kutoka kwenye bati la ndani hadi kwenye kioo, kisha ongeza unene wa lile duara la mbao. Hicho ndicho kina unachoruhusiwa.

Waya za gari usizikate. Magari mengi ya Toyota ya miaka hiyo yana soketi mbili nyuma ya redio, moja ya pini 10 inayobeba umeme na spika za mbele, nyingine ya pini 6 inayobeba spika za nyuma, na soketi za kuunganishia redio mpya bila kukata waya zinauzwa. Mlangoni pia tumia soketi au vibanio vya waya badala ya kusokota na kufunga kwa selotepu.

Swali: Shikamoo Mzee. Mimi ni dereva wa teksi. Nimebadilisha spika za mbele mwenyewe, na kwa mbali zinapiga vizuri, lakini besi imepungua kuliko zile za zamani. Jambo la ajabu ni kwamba nikihamishia sauti upande mmoja tu, besi inarudi. Spika ni mbovu? – Msomaji, Mwanza

Jibu: Marahaba. Spika ni nzima, na jibu umelitoa wewe mwenyewe katika sentensi yako ya nne. Spika mbili zikipiga pamoja besi inakufa, moja ikipiga peke yake besi inarudi: maana yake moja imeunganishwa kinyume, chanya ikaingia penye hasi. Moja inaposukuma hewa, nyingine inaivuta. Dalili nyingine utakayoigundua ni kwamba ukikaa katikati huwezi kusema mwimbaji yuko wapi. Sauti yake inaelea kichwani badala ya kutoka mbele yako.

Chomoa waya za spika kutoka kwenye redio kwanza, kwa kuwa umeme wa jaribio hili haufai kurudi ndani ya redio. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, ile ya rimoti, uguse waya mbili za spika ya kulia kwa nukta moja huku mwenzako akitazama koni. Ikiruka kwenda nje, waya uliogusa upande chanya wa betri ndiyo chanya. Ikiingia ndani, ni kinyume chake. Weka alama kwa selotepu, fanya hivyo hivyo upande wa kushoto, kisha unganisha ukifuata alama zako. Kwenye spika yenyewe, kipini kipana kwa kawaida ndicho chanya, lakini usikiamini kuliko macho ya mwenzako. Kazi nzima ni ya robo saa, na haina gharama.

Swali: Ndugu Mhariri, salamu. Nilinunua spika zilizoandikwa wati 1000 za kuweka kwenye Probox yangu. Redio imeandikwa 50 mara 4. Baada ya wiki tatu spika moja ilitoa harufu ya kuungua ikanyamaza. Inawezekanaje wati 50 ziunguze wati 1000? – Msomaji, Mombasa

Jibu: Kwanza, hiyo 50 haipo. Injini ikiwa inawaka, mfumo wa umeme wa gari hutoa volti 14 na nukta kadhaa. Redio isiyo na amplifaya ya pembeni haiwezi kuipa spika zaidi ya volti hizo, na wimbi la sauti linalotoshea ndani ya volti 14.4 bila kukatwa ni sawa na volti 10 hivi za kudumu. Zidisha 10 kwa 10, ugawe kwa ukinzani wa spika ambao kwa kawaida ni omu 4, utapata wati 25. Huo ni mpaka wa hesabu. Kwa sauti safi redio nyingi hutoa kati ya wati 15 na 20 kwa kila spika. Hiyo 50 ni kipimo cha redio ikiwa imelazimishwa kupita uwezo wake kwa nukta moja.

Pili, hiyo 1000 nayo haipo. Hakuna koili ya spika ya mlango yenye upana wa kidole gumba inayoweza kupoza joto la wati 1000. Spika zilizoandikwa hivyo huweza kuwa na uwezo wa kudumu wa wati 30 au chini yake.

Kilichoiunguza ni redio kulazimishwa. Ukipandisha sauti kupita uwezo wake, vichwa vya mawimbi hukatwa vikawa bapa, na wimbi lililokatwa hadi kuwa mraba hubeba nguvu mara mbili ya wimbi safi la kimo kilekile. Redio yako ya wati 20 ikawa inamwaga karibu 40 ndani ya spika ya 30. Nahisi pia kwamba umepandisha besi, na hapo hesabu ni kali zaidi: kila desibeli 10 unazoongeza kwenye besi zinadai nguvu mara kumi, nguvu ambayo redio haina.

Pima spika iliyonyamaza kwa mita. Spika nzima ya omu 4 husoma kati ya 3 na 4. Ikiwa mita haisomi chochote, koili imekatika, na kwa spika ya aina hiyo kuifunga koili upya kutakugharimu bila faida. Utakaponunua jozi nyingine, rudisha besi kwenye sifuri, kisha tafuta kwenye menyu ya redio herufi HPF, yaani kichujio kinachozuia sauti nzito, uweke hezi 80, ili spika za mlango zisihangaike na sauti nzito zisizoziweza. Utashangaa kuona zinapiga kwa nguvu zaidi bila kukoroma. Halafu tafuta mahali kitufe cha sauti kinapoanza kukwaruza wimbo unaoujua vizuri, rudi nyuma hatua mbili, na hapo pawe mwisho wako. Ikiwa mwisho huo hautoshi barabara ya Malindi vioo vikiwa wazi, unachohitaji ni amplifaya ndogo ya wati 50 za kudumu kwa kila upande kabla ya spika nyingine yoyote, na waya wake wa umeme uwe na fyuzi isiyozidi sentimita 45 kutoka kwenye betri.