Vita vikija, vitabu huponea wapi?
Sheikh, umeuliza vitabu vinapona vipi vita vikija. Aghalabu vinaponea majumbani mwa watu. Timbuktu, nchini Mali, 2012, mtunza maktaba Abdel Kader Haidara na wenzake walitia miswada kwenye masanduku ya bati, wakaisafirisha kidogo kidogo kwa gari na mashua hadi Bamako, mji mkuu. Wapiganaji walioteka mji walipochoma miswada Januari 2013, walikuta sehemu ndogo tu. Sarajevo, Bosnia, haikubahatika: maktaba ya taifa iliungua Agosti 1992, jengo likafunguliwa tena 2014, lakini vitabu vingi ndiyo basi tena.

Kwetu Unguja, nyaraka zilizopo Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar, zilivuka Mapinduzi ya 1964, na miswada ya Kiarabu ya huko iliingia 2003 kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Huku adui mkubwa ni unyevu na wadudu (nao hawana chama). Unafunua chuo (yaani kitabu) cha zamani, unakuta tundu moja limepita kurasa chungu nzima, herufi zimeliwa katikati. Kama nyumbani mna sanduku la babu, msipanguse vyuo kwa kitambaa cha maji, wala msivianike juani. Waulizeni kwanza watu wa Kilimani.